Baiskeli ya Mwika Iliyojua Mguu Wangu

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo, maana jambo hili sipendi kulisema kwa sauti kubwa. Nitakueleza jinsi nilivyochukuliwa mguu wangu mzima nikiwa juu ya baiskeli, mchana, njiani, bila tone la damu kudondoka. Najua unachowaza. Hata mimi ningesimuliwa hivi ningeuliza msimulizi alikuwa amekunywa nini. Sinywi. Mbege ya wajomba zangu niliionja utotoni, baba akanichapa, na habari yangu na mbege ikaishia hapo. Kwa hiyo nakuomba subira tu. Mahali utakaposhindwa kuamini, usiamini, lakini usiache kusikiliza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita vikuu vya pili, kahawa ilipopata bei na kila mwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa, huko juu mlimani akataka baiskeli. Mimi nilikuwa fundi baiskeli mjini Moshi. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, na nyumbani kwangu ni Rau, mimi na mke wangu Zena. Baba yangu alikuwa seremala Mmanyema aliyefika Moshi na kazi za reli akabaki. Mama yangu alikuwa Mchagga wa Mwika, akasilimu alipoolewa, lakini kwao hakukuacha. Kwa hiyo mimi nilikulia msikitini na migombani, na mila za pande zote mbili nazijua.

Jambo la kwanza unalopaswa kulijua ni miguu yangu. Wa kushoto ulikuwa mfupi. Niliugua nikiwa mtoto mdogo. Wa kulia ukaendelea kukua, wa kushoto ukabaki nyuma kwa upana wa vidole viwili. Nilichechemea maisha yangu yote. Mguu wa kulia ndio uliokuwa mtaji wangu. Nilisimamia huo kutwa nzima kibandani, nikapigia pampu huo, nikaswali nikiinukia huo. Watu humshukuru Mungu kwa miguu miwili. Mimi nilimshukuru kwa mmoja, na nilimshukuru kwa dhati.

Na baiskeli sikuwahi kupanda. Fundi mzima! Wateja walinitania: "Fundi, wewe unapika chakula usichokionja!" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Ngoja nikueleze kwa nini sikupanda, ni jambo rahisi kulielewa. Baiskeli humkaa mtu pale ambapo, akiketi juu ya siti na pedeli ikiwa chini kabisa, goti lake linabaki limekunjika kidogo tu. Likinyooka sana, nyonga zinayumba. Likikunjika sana, mapaja yanawaka moto kabla hujafika kona. Sasa mimi nikiweka siti ya kunifaa kulia, kushoto naning'inia. Nikiishusha inifae kushoto, kulia goti linagonga kifua. Nilijaribu kufunga vibao kwenye pedeli ya kushoto, vikateleza, nikaanguka mbele ya wauza vitunguu. Nikaacha.

Basi siku moja asubuhi alikuja Anaeli.

Anaeli alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba wangu wa Mwika, mama yangu ni shangazi yake. Tulikua pamoja kila likizo, tukilala kitanda kimoja. Lakini tulikuwa na mwaka mzima hatusemezani, kwa sababu mama alipofariki Anaeli hakuja kumzika. Shangazi yake mwenyewe! Alituma habari kwamba yuko kwenye kahawa. Nililibeba hilo moyoni, na kila mtu wa ukoo alijua.

Asubuhi hiyo alikuja na baba yake, yaani mjomba wangu, mzee wa kanisa, mwenye koti lake jeusi la Jumapili. Anaeli alikuwa anakokota baiskeli mbovu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameshika jani la isale limepigwa fundo.

Kama wewe si mtu wa huku, hapo nikueleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaoona Wachagga wamepanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekukosea akikujia na jani lake limefungwa fundo, anaomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia. Wala ukishapokea huna ruhusa ya kulifufua lile kosa. Limekwisha, mpaka kaburini. Mimi ni Mwislamu wa mjini, lakini damu ya mama ni damu. Nilipoona lile jani macho yalinijaa machozi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu amekuja kwako na isale. Unampokea?"

"Nampokea, mjomba. Yamekwisha."

"Yote?" akauliza Anaeli. Alikuwa anatazama chini.

"Yote, binamu. Mama mwenyewe asingependa tuendelee hivi."

Nikalichukua jani. Anaeli akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kisha akaisukuma ile baiskeli mbele yangu. "Na hii nimekuletea. Nimeipata kwa mtu wa Holili aliyekuwa anahama. Nilipoiona tu nikakukumbuka wewe."

Niliitazama. Kutu tupu, matairi yameoza, spoku zimekatika, siti imetoboka na manyasi yametoka. Lakini fremu ilikuwa imenyooka, ya Kiingereza, ya zamani, kazi nzito ya kabla ya vita. Nikainama kuangalia pedeli. Na hapo moyo wangu ukaruka. Mkono wa pedeli ya kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Haukukatwa na kuungwa. Ulifuliwa hivyo na mhunzi aliyejua anachofanya. Nikaupima kwa vidole. Vidole viwili.

"Unaona?" Anaeli alisema. "Kama imetengenezwa kwa ajili yako."

Niliwakumbatia wote wawili. Mjomba mwili wake ulikuwa mgumu kama gogo, nikadhani ni uzee.

Kuifufua kulinichukua msimu mzima wa mvua, na nitakuambia kweli, ilikuwa furaha kubwa kuliko zote za kazi yangu. Ukitaka kuijua baiskeli ya zamani, usianze na rangi. Anza ndani. Nilifungua ekseli, nikatoa gololi moja moja, nikaziosha kwa mafuta ya taa, zile zilizopata vidonda nikatupa. Nikatia grisi mpya. Nikanyoosha rimu kwa kukaza spoku hii na kulegeza ile, taratibu, nikizungusha gurudumu mbele ya jicho mpaka likaacha kuyumba. Kutu niliitoa kwa msasa na majivu. Chini ya kutu rangi ilikuwa ya kijani kibichi, nikaiacha hivyo hivyo. Usiogope kazi ya namna hii hata kama hujawahi kuifanya; chuma kina subira kuliko binadamu.

Siku nilipoipanda Zena alisimama mlangoni ameshika mdomo. Nilizunguka uwanja, nikaingia barabara ya msitu wa Rau, nikarudi. Sikuyumba. Sikurekebisha siti hata kidogo! Ilikuwa pale pale ilipoletwa, na ilinikaa kama ngozi yangu.

"Mume wangu anaruka!" Zena alipiga kelele, majirani wakatoka. Kisha usiku akaniambia kwa utani, "Nimeolewa na mwanamume mrefu upande mmoja, leo kapata farasi mwenye kilema chake."

Tulicheka sana.

Dalili zilikuwepo, nisikudanganye. Kuna siku niliinua siti kidogo, nione itakuwaje; asubuhi nikaikuta imerudi chini na nati imekazwa. Nikasema ni uzee wa nati. Udongo wa kwetu Rau ni mweusi, unajua, wa mpunga. Lakini asubuhi nyingine matairi yalikuwa na udongo mwekundu, mbichi, ule wa juu mlimani, na baiskeli ililala ndani na mlango nimetia komeo mwenyewe. Zena akaniuliza, "Ulikwenda wapi?" Nikamwambia sikwenda popote. Akanitazama kama wake wanavyotazama. Kwa hiyo badala ya kuogopa baiskeli nikawa nashughulika kujitetea nyumbani. Si ndivyo tulivyo? Jambo la ajabu likija, tunalitafutia jina dogo tulilolizoea.

Mvua zilipokatika na baridi ya mlimani ikaanza, nikasema nitaipanda mpaka Mwika kumshukuru binamu yangu. Nilitoka alfajiri. Mpaka Himo njia ni tambarare, nikaimba. Kutoka hapo ni kupanda, na nilipochoka nikashuka nikaisukuma, nikaipanda tena. Watu waliokuwa wakichuma kahawa walinipungia mikono. Mimi, mchechemeaji, nimeupanda mlima kwa magurudumu! Nilijiona mfalme.

Anaeli hakufurahi kuniona. Alijilazimisha, lakini mtu uliyelala naye kitanda kimoja humjui? Kabla sijafika mlangoni alisema, "Hiyo iache huko nje ya masale, binamu. Usiiingize uani." Nikaiegemeza nje ya ule uzio wa mimea ya isale. Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, msichana wa kama miaka minane hivi, na fimbo magotini. Aliponisalimia alisimama, nikaona mguu wake wa kulia umepinda na kukonda kama kijiti.

"Amepatwa na nini?"

"Alianguka tu," Anaeli akasema haraka. "Karibu ndani, kuna mtori."

Nilikula. Kila nilipotaka kuaga, aliniongezea. "Haraka ya nini, binamu? Zena hakimbii." Mama watoto wake aliingia na kutoka bila kuniangalia usoni. Mpaka nilipoinuka, ukungu ulikuwa umeshuka. Unaujua ukungu wa Mwika wakati wa baridi? Unakaa katikati ya migomba kama moshi wa jikoni, saa tisa ya mchana huoni mgomba wa tatu.

Anaeli alinisindikiza mpaka kwenye masale. Hakuvuka. "Usipite barabara kubwa," akasema, "ina utelezi. Pita njia ya mfongo, ni fupi."

Mfongo ni mfereji wa maji. Wazee waliuchimba ili kuleta maji ya mlimani mpaka vihambani. Njia inafuata ukingo wake, kisha inauvuka kwa kidaraja cha magogo. Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru!

Niliteremka polepole, mkono kwenye breki. Hakuna sauti ila maji. Karibu na kidaraja nikamwona mtu amesimama kando ya njia. Alivaa koti la kaki, limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Suruali yake upande wa kulia alikuwa ameifunga kwa kibanio, kama wapanda baiskeli wanavyofanya isiingie kwenye mnyororo. Lakini hakuwa na baiskeli.

"Umerudi," akasema.

"Salama, kaka?" nikamjibu, nikapunguza mwendo.

"Mbona peke yako? Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Si ulisema unakwenda kuita watu."

Nikacheka kidogo, ile ya heshima. "Umenifananisha, kaka. Mimi ni fundi wa Moshi mjini."

Hakunitazama mimi. Alikuwa anaitazama baiskeli, toka usukani mpaka gurudumu la nyuma, kama mtu anayemwona ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. "Wewe sikujui," akasema. "Hii naijua."

Hapo ningepaswa kukimbia, utaniambia. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Lakini nilikuwa nimeshuka, na nilimwona anavyosimama. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi. Kwa vidole viwili, sikuhitaji kupima. Na wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, umekwenda upande kama tawi lililoning'inia kwa ganda, naye ameusimamia tu, uso hauna maumivu. Nilimwonea huruma. Maishani mwangu sikuwahi kukutana na mtu mwenye mguu kama wangu. Aliposema, "Nipakie mpaka ng'ambo ya daraja," ningemkataliaje?

Akakaa kwenye keria. Sasa sikiliza neno la fundi. Mtu akikaa nyuma, tairi hubonyea. Hata mtoto, hubonyea kidogo, nawe unasikia mikononi usukani unavyokuwa mwepesi. Halikubonyea. Nikageuza shingo nione kama amepanda. Alikuwepo.

Tulipoingia kwenye magogo alianza kusema mgongoni kwangu, kwa upole, kama mgonjwa anayemwelekeza daktari. "Wa kushoto ninao, kama wako. Wa kulia ndio uliovunjika. Nilianguka hapa, nikashindwa kutoka majini. Yeye akasema nimpe baiskeli aite watu. Nikampa."

Kisha nikasikia mkono. Uliwekwa kwenye nyonga yangu ya kulia, ukashuka polepole mpaka gotini, ukatua pale, ukashuka tena mpaka kwenye kifundo. Fundi cherehani anavyopima suruali, ndivyo hivyo hivyo.

"Unanitosha," akasema.

Baridi iliyoniingia siwezi kukulinganishia na kitu. Ilipanda kutoka unyayoni mpaka nyongani na kubaki kwenye mfupa. Nilibana breki zote mbili. Nilipogeuka keria ilikuwa tupu, naye alikuwa anapanda kilima kurudi tulikotoka, amenyooka, anatembea bila fimbo. Alikuwa anachechemea kushoto. Nilimtambua mara moja, si yeye, ule mwendo. Ulikuwa mwendo wangu mimi! Kule kuinama kwa bega, ule mvuto wa mguu mwishoni mwa hatua, niliouona kwenye kivuli changu tangu utotoni. Uliondoka mbele ya macho yangu ukaingia ukunguni.

Nikataka kukanyaga pedeli nikimbie. Mguu wangu wa kulia ukaning'inia hewani. Pedeli ilikuwa chini, na unyayo wangu ulikuwa juu yake, haujaigusa. Usinilazimishe kukuambia ni vidole vingapi.

Nilishuka. Mguu wa suruali upande wa kulia ulifunika kiatu. Nikapiga hatua moja, nikapiga ya pili, na nilikuwa natembea sawasawa, kama askari. Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, sikuchechemea. Nikakaa kwenye majani yenye maji nikalia kwa sauti.

Nilirudi kwa Anaeli nikiikokota ile baiskeli. Kabla ya kufika nilisikia kicheko cha mtoto. Binti yule alikuwa anakimbia kuzunguka migomba, peku, fimbo ameitupa, mama yake amepiga magoti uani anashukuru kwa Kichagga. Anaeli alikuwa amesimama upande wake wa masale. Alinitazama miguu, sio uso.

"Ulijua," nikasema.

Hakukana. Aliniambia yote palepale, wala hakushusha sauti. Mwaka uliopita, jioni ya mvua, alimkuta mtu asiyemjua ametumbukia kwenye mfongo, mguu umevunjika, baiskeli iko juu ukingoni. Yule mtu akamwomba aichukue akaite watu. Anaeli akaipanda akaja nayo nyumbani. Mvua ilikuwa kubwa, akaota moto, akajisemea asubuhi. Baiskeli ilikuwa nzuri. Asubuhi watu wa mangi, chifu wa pale, walimkuta yule mtu amekufa kwa baridi, wakamzika bila jina. Anaeli akaificha baiskeli nyuma ya ghala la kahawa, ikanyeshewa na kuoza huko, na hakumwambia mtu. Ndizo siku zile zile mama yangu alipofariki. Hakuthubutu kutoka nyumbani. Baadaye mguu wa mtoto ukaanza kupinda. Akaenda kwa mganga huko Rombo, akaambiwa mwenye baiskeli anadai mguu mzima wa kulia, na hatauacha wa mtoto mpaka apate unaomfaa zaidi. Atafutwe mtu mwenye mguu wa kushoto kama wake, apewe baiskeli hiyo, aipitishe pale mfongoni.

"Nilifikiria watu wote," Anaeli alisema. "Ulikuwa wewe tu."

"Ungeniomba, Anaeli. Ungekuja ukaniambia, binamu, mtoto wangu anaharibika."

"Ungekubali?"

Mpaka leo nalitafuta lile jibu. Huenda ningekubali, huenda ningekataa. Lakini lilikuwa jibu langu, na yeye alilichukua kabla sijalitoa.

"Nakwenda kwa mjomba," nikasema. "Wazee watakaa. Ukoo mzima utajua."

"Baba yuko ndani," akasema. "Lakini binamu, isale ulipokea."

Mjomba alitoka na koti lake jeusi. Nikamwonyesha mguu wangu. Nikamweleza, nikimwita mjomba, mjomba, kama mtoto aliyepigwa na wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alikuuliza kama ni yote. Ukasema yote. Mimi nilikuwa nimesimama pale."

"Nilidhani ni ya mazishi ya mama!"

"Hukuuliza, mwanangu."

Alisema "mwanangu" kwa upole mkubwa, na hicho ndicho kilichonivunja kuliko mkono wa yule wa darajani. Yule alikuwa marehemu, alidhulumiwa, na alitafuta kilicho chake. Lakini hawa walikuja kwangu asubuhi wakiwa na jani la amani, wakachukua msamaha wangu mapema, kisha ndipo wakanikosea. Nani kati ya watu wa mlima huu anapokea isale na kumhoji mwenye kulileta? Hakuna. Ni kama kumtemea mtu mate. Walilijua hilo, kwa sababu ndilo waliloninyonyesha pamoja na maziwa ya mama yangu.

Baiskeli niliiegemeza kwenye masale yao, palepale. Nikashuka kwa miguu yangu miwili iliyo sawa mpaka Himo. Nikasikia baadaye kwamba asubuhi yake haikuwepo, na hakuna wa kwao aliyeigusa.

Zena alinipokea kwa machozi, kisha alikata pindo za suruali zangu zote upande wa kulia. Daktari wa serikali alinipima, akasema miguu yangu iko sawa kabisa, hongera. Kila mtu alinipa hongera. "Fundi amepona!" walisema sokoni, wakaniletea sukari na chumvi. Msikitini walinisomea dua ya shukrani, nikaitikia amina. Ningesema nini? Mtu asiyechechemea atamwambia nani kwamba ameibiwa?

Lakini wateja kutoka Mwika, hasa miezi ya ukungu, wana tabia moja. Wanafika kibandani wamenuna. "Fundi, una majivuno siku hizi. Juzi nilikuona kwetu juu ya baiskeli ya kijani, nikakuita, ukapita bila salamu." Nawaambia sikwenda Mwika. Wanacheka. "Fundi, mwendo wako tusiujue? Ulishuka darajani ukatembea, tukakuona unavyochechemea." Zamani nilibisha. Sasa nawaomba radhi tu, nasema nilikuwa na haraka, nao wanaridhika.

Mwika sijapanda tena. Mjomba alipofariki nilituma ubani.

Basi nisikilize wewe ambaye bado una miguu yako. Ukiletewa kitu kilichokwisha kutumiwa, baiskeli, koti, viatu, chochote, na ukakijaribu kikakukaa sawasawa bila kukirekebisha mahali popote, usitoe asante kwanza. Mwulize aliyekileta, mbele ya mashahidi wawili ambao si ndugu zake: kilikuwa cha nani, na mwenyewe yuko wapi sasa. Asipokujibu kwa jina na mahali, mrudishie siku hiyohiyo, kabla hujakifuta hata vumbi.